Mlango wa Mtu Asiye na Kitu

Watu 13 hawahitaji kanisa kubwa kiasi hiki. Hilo ndilo wazo la kwanza linalomjia mtu ndani ya kanisa la St Cross, kusini kidogo ya mji wa Winchester nchini Uingereza, pale mto Itchen unapogawanyika kuwa vijito kati ya malisho. Kuta zake zina unene wa zaidi ya mita moja. Dari ni la mawe, limepindwa juu kwa mbavu zinazokutana, kazi ambayo mtu angetarajia kuiona katika makanisa makuu ya maaskofu. Upande wa mashariki, uliotangulia kujengwa, matao yamezungushiwa nakshi za pembepembe tabaka juu ya tabaka, kana kwamba mwashi aliambiwa asihesabu siku. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1130 na ukachukua zaidi ya karne moja. Ukitembea kutoka altareni kuelekea mlango wa magharibi unayaona matao yakiacha mviringo na kuanza kuchongoka, maana mafundi wa mwanzo walikwisha kufa na waliorithi kazi yao walikuwa wamejifunza mtindo mwingine.

Waliojengewa ni wazee maskini. Mahali penyewe huitwa Hospitali ya St Cross, ingawa aliyepokelewa hapo hakulazimika kuwa mgonjwa. Ilitosha awe mnyonge. Mwanzilishi, Henry wa Blois, alikuwa askofu wa Winchester, mjukuu wa mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, na ndugu wa Stephen aliyekalia kiti cha ufalme mwaka 1135. Wenyeji husimulia kwamba askofu alikuwa akitembea kando ya mto akakutana na msichana mkama ng'ombe, mtoto mikononi, aliyemsihi awahurumie watu wake wanaokufa kwa njaa. Hadithi ni hadithi. Masharti ya mwanzilishi ndiyo yaliyo wazi. Nyumba ipokee watu 13 walio maskini na walioishiwa nguvu kiasi cha kutoweza kujikimu bila kusaidiwa. Wapewe vitanda na nguo, mkate wa kila siku, vyakula vya aina tatu mchana na kimoja usiku, na kinywaji cha kutosha. Mbali na hao, maskini wengine 100 wa mji walishwe chakula cha mchana, na wakiondoka waruhusiwe kuchukua kilichobaki. Namba 13 ilimkumbusha kila Mkristo wa zama zile Yesu na mitume wake 12.

Sharti la mabaki ya chakula linanigusa kuliko dari la mawe. Aliyelitunga alijua kwamba anayekula hapa ana mtu nyumbani ambaye hajala. Kumshibisha yeye peke yake hakukutosha. Ilimpasa arudi na kitu mkononi, aingie kwake kama mtu aliyekwenda kutafuta akapata.

Na askofu huyo huyo ndiye aliyeuunguza mji. Mwaka 1141, katika vita vya kugombea ufalme kati ya Stephen na binamu yake Matilda, Winchester ilizingirwa, na watu wa Henry waliokuwa katika ngome yake ya Wolvesey wakarusha moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, nyumba za watawa zikiwemo. Si vigumu kuwaza kwamba miongoni mwa waliopanga foleni ya mkate baada ya hapo walikuwamo walioachwa bila paa na moto wa mfadhili wao. Karne tatu baadaye akaja mfadhili wa pili, Kadinali Henry Beaufort, naye askofu wa Winchester, ndugu wa mfalme Henry wa Nne kwa baba, tajiri ambaye wafalme wa Uingereza walimkopa fedha za vita. Mwaka 1431 alikuwapo Rouen, Joan wa Arc alipohukumiwa na kuchomwa. Mwaka 1445, sasa ni mzee, akaiongezea St Cross tawi jipya kwa ajili ya watu waliowahi kuwa na hali njema kisha wakaanguka: mapadre wawili, ndugu 35 na dada watatu. Alikufa mwaka 1447, na vita vingine vya kugombea ufalme vikaila sehemu kubwa ya mali aliyoikusudia.

Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu anayegawana kibaba cha unga na jirani yake. Kwa kuta zilizosimama karibu miaka 900, na mkate wa kutoka kila siku, utajiri ulihitajika, na utajiri wa kiasi hicho haukupatikana kwa mikono safi. Sioni pa kulikwepa jambo hili. Huko London, nyumba za wazee zilizojengwa mwaka 1714 kwa wasia wa Robert Geffrye zilitokana na mali ya mfanyabiashara aliyewekeza pia katika biashara ya watumwa kutoka Afrika. Mjane aliyepata chumba pale, akalala usingizi mzito baada ya miaka ya kuhangaika, usingizi wake ulikuwa wa kweli. Deni la waliouzwa nalo ni la kweli. Ninapojaribu kulifanya moja lifute jingine, naona ninamdhulumu mmojawapo.

Ila nadhani hao wafadhili wa Winchester walijijua. Ukubwa wa kanisa lile unaanza kueleweka ukikumbuka walichokuwa wakikitafuta. Henry na Beaufort waliamini kwamba roho zao zingehitaji kuombewa baada ya kufa, kwa muda mrefu, na kwamba sala ya maskini husikiwa. Kwa hiyo wale wazee walikuwa na kazi. Mzee aliyeketi kanisani alfajiri, magoti yakimuuma, alikuwa akimfanyia tajiri jambo ambalo tajiri akishakufa hawezi kujifanyia. Alikula mkate wa mtu aliyemhitaji. Sakafuni mpaka leo vipo vigae vya kale vyenye maneno mawili ya Kiingereza cha zama zile, yanayomtaka anayevikanyaga akumbuke. Mfadhili alijua jinsi wafu wanavyosahauliwa upesi, akaweka watu wa kumkumbuka, na akawajengea mahali panapolingana na kazi aliyowapa.

Mtu wa leo anaweza kuiona biashara hiyo kuwa ya ubinafsi: tajiri ananunua pepo kwa mkate. Mimi naiona kwa jicho jingine. Mtu akishalishwa, kuvishwa na kulazwa na mwingine, swali linalobaki ni kama kuna chochote kilicho chake bado. Mzee wa St Cross alikuwa nacho. Alikuwa na kitu cha kutoa, na anayekipokea hakuwa juu yake bali chini, kaburini, akisubiri.

Hilo lilivunjika katika karne ya 16. Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba za watawa, na sehemu kubwa ya hospitali za maskini zikaangamia katika miaka hiyo. Mwaka 1547 sheria ikafuta taasisi zilizowekwa kwa ajili ya misa za wafu. St Cross ilinusurika. Wazee waliendelea kwenda kanisani asubuhi kama kawaida. Lakini mafundisho mapya yalisema sala yao haimfai marehemu kitu, na hapo maskini akakosa kile ambacho tajiri alikihitaji kutoka kwake. Kuanzia hapo alibakiwa na shukrani, na shukrani inayodaiwa kila siku humpinda mtu mgongo.

Kilichobaki imara zaidi ya sala kilikuwa jengo lenyewe.

Ukipita chini ya mnara wa lango aliouacha Beaufort unatokea kwenye uga mpana wa majani. Kushoto kuna ujia mrefu ulioezekwa, wenye ghorofa ya mbao juu yake, ambamo mtu angeweza kwenda kanisani bila kunyeshewa sana. Mbele ni kanisa, kubwa mno kwa majirani zake. Kulia, upande wote wa magharibi, ni safu ya makao ya ndugu, ghorofa mbili za mawe, na juu ya paa lake zimesimama dohani ndefu kwa mstari. Dohani hizo ndizo picha inayojulikana zaidi ya St Cross, na mtu anaweza kuzitazama muda mrefu akifurahia urefu wake kabla ya kujiuliza kwa nini ni nyingi. Jibu lake ni habari nzima ya karne ya 15. Kila mzee alikuwa na vyumba vyake, na kila mmoja alikuwa na meko yake.

Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo katika Uingereza. Hospitali ya maskini ya karne ya 12 au 13 kwa kawaida ilikuwa ukumbi mmoja mrefu, vitanda vimepangwa kandokando ya kuta, na altare mwisho wake, ili hata asiyeweza kuinuka aione misa akiwa amelala. Ukumbi wa namna hiyo umebaki katika mji wa Chichester, katika Hospitali ya St Mary, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 13: paa kubwa linaloshuka karibu na ardhi na nguzo za mbao zilizo nene. Katika karne ya 17 wakazi wa ukumbi huo waligawiwa nyumba ndogondogo zilizojengwa ndani ya ukumbi ule ule, na dohani za matofali zikatoboa paa la kale. Wazee bado wanaishi humo. Ni jengo la ajabu, na linafundisha kuliko mahubiri mengi: paa lilibaki moja, watu wakajipatia milango chini yake.

Tumezoea kusema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali inamwonya mgeni asidanganywe na sura ya nje, na kwa mgeni ni maneno ya busara. Kwa anayeishi ndani kwa msaada wa wengine, mlango ni karibu kila kitu. Mtu asiye na mlango hapigiwi hodi. Fikiria ukumbi wa vitanda: mkuu wa nyumba anapita atakavyo, mgeni mwenye cheo anaonyeshwa wazee walivyo safi, mfadhili anakuja kuhesabu watu wake, na aliyelala kitandani hana namna ya kusema ngoja. Analia mbele ya watu. Anakufa mbele ya watu. Mpe mlango, na ghafla wote hao, hata askofu, inawapasa wasimame nje, wabishe, wasikilize sauti ya ndani. Anaweza kusema karibu. Anaweza kukaa kimya wakajua kwamba leo hataki mtu. Uwezo huo wa kumkaribisha mwingine, au kutomkaribisha, ndio unaomfanya mtu awe mwenyeji hata mahali ambapo hakulipia jiwe moja.

Na meko nayo ina neno lake. Mwenye moto wake hulala saa aitakayo. Hupasha kipande cha mkate alichokiweka tangu mchana, hukaa na majonzi yake hadi yatulie, humwita jirani waote moto pamoja. St Cross haikuwaacha wazee wajifungie tu: upo ukumbi wa ndugu, wenye paa la mbao na meko ya katikati, walimokuwa wakila pamoja. Upweke na ujamaa vilipangwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, na mzee akachagua. Sijui kama Beaufort aliyafikiri haya yote au alimwachia mwashi wake. Ninachokiona ni kwamba jiwe lilisema jambo ambalo hati za wakubwa hazikulisema wazi, kwamba anayepewa bado ni mtu mzima.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukienda mji wa Andover, katika jimbo hilo hilo la Hampshire, mwendo wa kilomita 20 na kitu kutoka Winchester. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilijengwa juu ya kanuni kwamba maskini mwenye nguvu za kufanya kazi asaidiwe ndani ya nyumba ya kazi, na kwamba maisha humo yawe magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili watu waogope kuingia. Nyumba ya kazi ya Andover ilijengwa mwaka 1836 kwa mchoro wa Sampson Kempthorne. Ilikuwa na umbo la msalaba. Mabawa manne yalitoka katikati, na katikati ndipo palipotoka macho ya msimamizi. Kati ya bawa na bawa palikuwa na nyua zilizowatenga wanaume, wanawake na watoto. Mume na mke walioishi pamoja miaka 40 waliingia kwa lango moja wakatenganishwa. Kazi ya wanaume ilikuwa kuponda mifupa ya wanyama iwe mbolea, na mwaka 1845 ikagundulika kwamba walikuwa na njaa kiasi cha kuipigania mifupa ile ili wanyonye uboho na kutafuna nyama iliyogandamana nayo. Bunge lilichunguza, na aibu ikaenea nchi nzima.

Ndugu wa St Cross wa fungu la Henry wa Blois huvaa joho lenye msalaba wa fedha kifuani. Maskini wa Andover aliishi ndani ya msalaba wa matofali. Ishara ilikuwa ileile. Katika joho ilimpa mzee jina na mahali pake mjini. Katika mchoro wa Kempthorne ilimfanya maskini aonekane kutoka pande zote asipate pa kujificha. Nasema hili nikijua kwamba joho nalo lina mzigo. Kuvaa vazi linalotangaza hata sokoni kwamba unakula kwa hisani ya mwingine si jambo dogo, na bila shaka wamekuwapo waliolivaa kwa fahari na waliolivaa kwa uchungu, pengine mtu mmoja katika siku tofauti.

Mtu angependa kuishia hapo, jengo jema upande huu na jengo baya upande ule. Lakini miaka ile ile ambayo watu wa Andover walikuwa wakigombea mifupa, St Cross yenyewe ilikuwa ikiibiwa, na kuta zake nzuri hazikuzuia chochote.

Wizi haukuwa mpya. Tangu karne ya 14 William wa Wykeham, askofu aliyeanzisha shule maarufu ya Winchester, alipambana miaka mingi na wakuu wa St Cross waliokula mapato na kuyaacha majengo yaoze. Mwaka 1696 ikaandikwa hati ya desturi, ikakubaliwa na mkuu wa wakati huo na ndugu wenyewe na kuthibitishwa na askofu, iliyosema kwamba ndugu wakishapata posho yao, ziada ni mali ya mkuu. Wanaoporwa walitia mkono. Nimewaza sana juu ya mikono hiyo. Watu waliofundishwa kwamba walicho nacho chote ni hisani watakataaje anapokuja anayewaongoza na kusema hiki chenu, hiki changu? Walikuwa na milango na meko. Hawakujua, au walisahaulishwa, kwamba walikuwa na haki.

Mwanzoni mwa karne ya 19 askofu wa Winchester, Brownlow North, alimpa ukuu wa nyumba mwanawe Francis, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lodi wa Guilford. Mashamba ya St Cross yalikodishwa kwa kodi ndogo ya mwaka na kilemba kikubwa cha kuanzia, na kilemba kikaingia mfukoni mwa mkuu. Mwaka 1848 mwandishi wa Kimarekani Ralph Waldo Emerson alipita hapo na rafiki yake Thomas Carlyle, wakaomba mkate na bia langoni kama desturi inavyoruhusu kila apitaye, wakapewa. Emerson ameandika kwamba ukarimu huo wa miaka 700 haukumzuia Carlyle kumlaani padri anayepokea pauni 2,000 kwa mwaka zilizokusudiwa maskini, huku akitoa makombo na bia kidogo. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka 1853 jaji Sir John Romilly aliitupilia mbali hati ya 1696. Lodi aliuacha ukuu wake mwaka 1855. Mwaka huo huo Anthony Trollope alichapisha riwaya yake The Warden, kuhusu mkuu mpole wa nyumba ya wazee anayegundua kwamba mshahara wake unatoka katika fungu lao, na dhamiri yake ikamtoa kabla ya mahakama. Wasomaji wake walijua alikuwa akigusa nini.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Anayajua mambo ya wakfu na mutawali, msimamizi wake. Mtu ameacha minazi, nyumba au duka, akaandika mapato yaende msikitini, kwa wanafunzi, kwa wasafiri, kwa maskini. Wanazuoni wakaweka kanuni kwamba sharti la mweka wakfu lina nguvu kama matini ya sheria yenyewe. Kisha kizazi cha pili au cha tatu msimamizi akaanza kusema kuna desturi. Waingereza walipotawala waliweka tume za wakfu Zanzibar na Pwani ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, wakileta mazoea ya nchi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imepambana na wezi wa sadaka zake. Walileta pia wazo lao la nani hasa ndiye maskini. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka India, majaji wa rufaa wa London waliukataa wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha mwenye mali kwanza na maskini mwishoni, wakisema maskini ametajwa kwa mbali mno. Msimamo huo ukaja kushikiliwa katikati ya karne ya 20 katika kesi kutoka Mombasa. Kwa majaji wale, sadaka ya kweli humwendea mtu usiyemjua. Kwa aliyelelewa katika Uislamu wa Pwani, kumpa ndugu yako mhitaji ni sadaka pia na ni kuunga udugu, na kumruka ndugu ili umfikie mgeni ni jambo la kuulizwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoitazama St Cross kwa mashaka. Mzee ana watoto, wajukuu, ana ukoo. Kumpeleka akakae kwa watu, hata penye meko na dari la mawe, tunaona ni kumtupa. Siwezi kulipuuza pingamizi hilo, maana limebeba karne za malezi mema. Ila nalo linahitaji kuulizwa swali lile lile la mlango. Mzee anayeishi kwa mwanawe, katika chumba anacholala na wajukuu wanne, anayekula anachopewa saa anayopewa, ambaye shuka lake linafunuliwa na kila apitaye, analindwa na upendo, na upendo ni mkubwa kuliko hati yoyote. Je, kuna anayempigia hodi? Zipo familia zinazomtengea mzee chumba chake cha uani, chenye ufunguo wake na jiko lake la mkaa, na mkwe hawezi kuingia bila kubisha. Zipo ambazo hazikumwacha na hata pembe ya kuweka sanduku. Nazo zote zinasema zinamtunza.

Upande wao, watu wa Winchester wa karne ya 12 hawakuwa wakiwakimbia wazee wao. Waliopokelewa ni wale ambao kifo, vita au umaskini ulikuwa umewamaliza watu wa kuwashika. Nyumba ile ilianzia pale ukoo ulipokatika. Serikali ya Uingereza ilichelewa sana kufika hapo: ni mwaka 1908 ndipo Bunge lilipopitisha pensheni ya uzee, shilingi tano kwa wiki kwa aliyefika miaka 70 na mwenye kipato kidogo, na malipo yakaanza Januari 1909. Kwa fedha hiyo mzee maskini wa Kiingereza aliweza kuubakiza mlango wake alioupanga mwenyewe, mtaani kwake. Naamini shilingi tano zile zilifanya kazi moja na dohani za Beaufort.

St Cross bado inakaliwa. Ndugu wake, wazee wanaume kama 25, huvaa majoho, jeusi kwa fungu la Henry wa Blois na jekundu kwa fungu la Beaufort, na husali pamoja asubuhi. Wale dada watatu wa mpango wa 1445 hawana warithi katika uga ule, na hilo naliona kuwa pengo. Wanawake wazee ndio waliokuwa wengi katika umaskini wa kila karne, na aliyepanga aliwahi kuwaona. Langoni, mpita njia akiomba, bado hupewa kipande cha mkate na bia katika pembe. Haulizwi anatoka wapi wala kwa nini ana njaa. Lazima aombe, hata hivyo. Mlinda lango hatangulii kumpa.

Katika masharti ya kwanza ya Henry kuna moja ambalo husahaulika kwa kuwa halikuacha alama kwenye mawe. Linasema kwamba mmoja wa wale 13 akirudiwa na nguvu kiasi cha kuweza kujitegemea, aondoke kwa heshima, na mwingine aingie mahali pake. Askofu aliyeuchoma mji alifikiri hata juu ya mtu anayepona. Hakuuona unyonge kuwa jina la mtu la kudumu. Aliuona kuwa hali inayoweza kumpata na kumwacha, na akataka siku inapomwacha atoke langoni akiwa anasindikizwa vyema. Sharti hilo halisemi lolote juu ya kulipa.